Rejesho la kwanza likikwama: nyumba ya Giheta haiokolewi siku ya mnada

GIHETA, Gitega

Barua ya kwanza kutoka benki huwa haitishi. Ni karatasi moja iliyoandikwa kwa Kifaransa cha ofisini, inayosema kwamba rejesho la mwezi uliopita halijaonekana na kwamba mteja anaombwa kufika. Mara nyingi hukunjwa, ikawekwa chini ya sanduku la nguo, na mwenye nyumba hasemi kitu mezani. Anangoja mshahara, anangoja msimu wa kahawa, anangoja shemeji aliyeko Dar es Salaam atume chochote. Barua ya pili huja na muhuri. Ya tatu huletwa na mtu.

Nyumba huokolewa au hupotea kati ya barua ya kwanza na ya tatu. Hali hiyo ni ile ile Giheta, Muyinga, Kampala au Nakuru, ila Giheta ina mambo yake, na mengine yanafanya deni la nyumba liwe gumu zaidi kuliko mijini.

Kwanza, wengi walioweka nyumba rehani hapa hawajihesabu kuwa na mkopo wa nyumba. Mikopo ya nyumba kwa maana kamili, ile ya miaka kumi au kumi na mitano, nchini Burundi ilizoeleka zaidi Bujumbura, hasa kupitia mfuko wa kuendeleza nyumba za mijini ulioanzishwa mwaka 1989, ambao baadaye uligeuzwa kuwa Benki ya Nyumba ya Burundi. Mtu wa Giheta alikopa kwa ajili ya duka, pikipiki, ada ya mtoto au bati la kumalizia paa. Kwenye fomu kulikuwa na mstari wa dhamana, na kwenye mstari huo akaandika nyumba. Miaka miwili baadaye duka limefungwa lakini mstari ule bado upo.

Pili, Giheta haiko mbali na mambo makubwa. Mji wa Gitega, mji mkuu wa kisiasa tangu mwanzoni mwa 2019, uko karibu, na kilima cha Gishora chenye ngoma za kifalme kiko huku huku. Ofisi zilipoanza kuhamia Gitega watu walijenga wakitarajia wapangaji, na ujenzi ulitaka mkopo. Kisha bei zikapanda. Mei 2023 faranga ilishushwa thamani kwa kiasi kikubwa dhidi ya dola, na uhaba wa mafuta ya magari uliorudi mara kwa mara ukapandisha nauli na bei ya kila kinachobebwa na lori. Rejesho la benki ni lile lile, lakini kilichobaki mfukoni baada ya kununua unga, maharage na mafuta ya kupikia kimepungua.

Chukua familia ya mfano. Baba ni mwalimu wa shule ya msingi, mama ana duka la vyakula kando ya barabara. Walikopa faranga milioni 12 kwa miaka mitano, riba asilimia 15 kwa mwaka, nyumba yao ikiwa dhamana. Kila mwezi wanalipa takribani faranga 285,000. Kwa miaka miwili hawakukosa hata mara moja. Deni limeshuka hadi kama milioni 8 na laki 2. Nyumba yenyewe, matofali ya kuchoma na bati, vyumba vinne na kiwanja kidogo, ingeuzwa milioni 20 kama mnunuzi angepatikana bila haraka. Mwezi wa ishirini na tano bidhaa zimechelewa, duka liko nusu tupu, na katika zile 285,000 wana 150,000 tu.

Wafanye nini na hizo 150,000?

Wengi hungoja zitimie. Hilo ndilo kosa la kwanza, kwa sababu zikikaa nyumbani zitaliwa. Zipelekwe benki siku ile ile ya tarehe ya rejesho, zilipwe kwa stakabadhi, na anayezipeleka aombe kuonana na afisa wa mikopo. Malipo pungufu hayafuti kuchelewa, lakini yanabaki kwenye rekodi kama ushahidi kwamba mteja hakukimbia. Afisa anayeamua kama faili libaki mezani kwake au lipelekwe kwa mwanasheria hutazama jambo hilo kabla ya mengine.

Jirani mwenye fedha taslimu

Kosa la pili lina jina. Burundi, kama ilivyo Rwanda, mkopeshaji wa mtaani anayetoza riba ya kunyonya huitwa Banki Lambert. Hana ofisi wala kibao. Ni mfanyabiashara, ni mtumishi mwenzako, pengine ni mtu unayesali naye. Anatoa fedha jioni hiyo hiyo bila fomu, na anachotaka ni kitu cha kushika: kadi ya benki yenye namba ya siri, hundi iliyosainiwa bila tarehe, au karatasi ya nyumba.

Familia ya mfano wetu ingeweza kwenda kwake kuchukua 600,000 ili kufidia marejesho mawili. Tuseme riba ni asilimia 20 kwa mwezi, na riba isiyolipwa inaingizwa kwenye deni. Baada ya miezi sita bila kulipa, 600,000 zimekuwa karibu milioni 1 na laki 8. Deni la benki bado lipo, na sasa kuna watu wawili wanaoitazama nyumba ile ile.

Riba si sehemu mbaya kuliko zote. Ubaya zaidi uko kwenye karatasi. Mkopeshaji wa aina hii mara nyingi haandiki mkataba wa mkopo, kwa kuwa sheria ya adhabu ya Burundi inahesabu riba ya kinyonyaji kuwa kosa, na hakuna anayetaka kuacha ushahidi wa kosa lake. Anaandika mkataba wa mauzo. Karatasi inasema kwamba fulani amemuuzia fulani nyumba na kiwanja chake, bei imelipwa yote, mashahidi wawili wametia saini. Kwa mdomo wanakubaliana kwamba deni likilipwa karatasi itachanwa. Lisipolipwa, mkopeshaji anafika kwa wazee wa kilima au mahakamani akiwa mnunuzi, na mwenye nyumba anabaki akieleza kwamba haikuwa hivyo.

Hapa ndipo rehani na mauzo yanapotengana, na kila mwenye nyumba anapaswa kuijua tofauti hiyo kabla hajashika kalamu. Katika rehani nyumba ni yako, deni ni lako, na mkopeshaji ana haki ya kuiuza kwa utaratibu maalumu ukishindwa kulipa. Bei ikizidi deni, kinachobaki ni chako. Katika mauzo nyumba si yako tena tangu saa ile. Hakuna notisi wala mnada, na hakuna cha kubaki. Mtu aliyekopa 600,000 kwa karatasi ya mauzo ameweka mezani milioni 20.

Aliyekwisha kusaini karatasi ya namna hiyo hajafungiwa milango yote. Kila faranga anayolipa tangu sasa ipite mahali panapoacha alama, kwa simu au benki, si mkononi gizani. Ujumbe wa simu unaotaja neno deni au riba usifutwe. Mashahidi waliosikia makubaliano ya mdomo watafutwe wangali wanakumbuka, na jambo lipelekwe mapema kwa wazee wa kilima, wale ambao Warundi wamewaita bashingantahe tangu zamani, kisha mahakamani ikibidi. Mahakama ikiona riba ililipwa mwezi baada ya mwezi ina sababu ya kuuliza mnunuzi gani hupokea riba. Lakini ni kesi ngumu, na anayeianza baada ya kutolewa nje ya nyumba huianza akiwa nyuma sana.

Kitu cha kuomba benki

Turudi kwa mwalimu na mkewe, ambao hawakwenda kwa jirani. Wamekaa mbele ya afisa wa mikopo. Waombe nini?

Ombi la kwanza ni kuongezewa muda. Deni la milioni 8 na laki 2 lililobakiza miezi 36 likitandazwa kwa miezi 72 kwa riba ile ile, rejesho linashuka kutoka 285,000 hadi kama 174,000. Hiyo ni nafuu ya zaidi ya laki moja kila mwezi, na katika nyumba ya mwalimu laki moja ni chakula. Ina gharama: mwisho wa safari watakuwa wamelipa karibu milioni 2 na laki 3 zaidi ya walizopangiwa mwanzo. Ni nyingi, lakini ni pungufu ya zile ambazo mnada ungewala. Biashara ikirudi wanaweza kulipa haraka, ilimradi wamesoma kwenye mkataba mpya kama kuna adhabu ya kulipa kabla ya wakati.

La pili ni kulipa riba peke yake kwa miezi michache. Katika mfano huu ni kama 103,000 kwa mwezi. Deni halishuki, lakini halipandi. Inamfaa mtu ambaye shida yake ina mwisho unaoonekana, kama mkulima anayengoja kahawa au mfanyabiashara ambaye mzigo wake umekwama mpakani Kobero na una tarehe ya kuvuka. Haimfai mtu ambaye kipato kimekufa. Huyo atakuwa amelipa riba ya miezi sita ili afike pale pale.

Benki haifanyi haya kwa huruma. Nyumba ya mnada ni kazi kwake: mwanasheria, mthamini, matangazo, miezi ya kungoja, na mwisho mnunuzi anayetaka bei ya chini. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga biashara, kanda nzima ililiona jambo hili kwa macho. Benki Kuu ya Kenya ilitangaza mwezi Machi kwamba mikopo ya watu binafsi iliyokuwa ikilipwa vizuri iliweza kuongezewa muda wa hadi mwaka mmoja, na Benki Kuu ya Uganda ikaruhusu mabenki kupanga upya mikopo ya wateja walioguswa. Mikopo mingi ilipangwa upya bila mbingu kuanguka. Tofauti ya mwaka ule ni kwamba mlango ulifunguliwa kwa wote kwa tangazo. Miaka mingine inabidi mteja mwenyewe abishe hodi.

Ombi liwe la maandishi. Barua iandikwe kwa Kirundi au Kifaransa ili ikae kwenye faili bila kungoja mfasiri, nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa, na iseme mambo manne bila maneno mengi. Inaweza kwenda hivi:

“Mimi na mke wangu tulipewa mkopo wa faranga 12,000,000, na tumelipa marejesho 24 bila kukosa. Kuanzia mwezi huu mapato ya duka yamepungua kwa sababu ya uhaba wa bidhaa. Kwa sasa tunaweza kulipa 175,000 kila mwezi kutokana na mshahara na mauzo madogo. Tunaomba muda uliobaki uongezwe hadi miezi 72, na tunaomba jibu kwa maandishi.”

Barua isiahidi 250,000 kwa kumwonea haya afisa. Mpango mpya ukivunjwa mwezi wa pili, benki haitasikiliza tena. Kama mtu anaweza 120,000, aandike 120,000, kisha waanze kujadiliana.

Mteja asiyejibiwa, au anayeona ametozwa adhabu zisizo kwenye mkataba, aandike kwa mkuu wa tawi, halafu makao makuu ya taasisi. Juu yao iko Benki ya Jamhuri ya Burundi, ambayo inasimamia mabenki na taasisi ndogo za fedha pia. Malalamiko yasiyo na karatasi hayafiki popote, kwa hiyo stakabadhi zote zitunzwe, pamoja na zile zilizofifia wino.

Kuna chanzo kingine kilicho karibu zaidi, nacho ni vikundi vya kuweka na kukopeshana, vile vinavyojulikana vilimani kwa jina la Nawe Nuze. Havina uwezo wa kulipa deni la milioni 8. Vinaweza kumtoa mtu kwenye rejesho moja kwa riba iliyopangwa na wanachama wenyewe, na wanachama hao hawahitaji karatasi ya nyumba kwa sababu wanamjua mtu na mama yake. Tahadhari ni moja: asikope kikundi kulipa benki mwezi baada ya mwezi. Akivunja kikundi amepoteza kitu kisichonunulika Giheta.

Kupangisha, kuuza, na bei ya mwenye haraka

Kuna mahesabu ambayo hayakubali. Duka limekufa kabisa, mmoja amefariki, mwingine amestaafishwa. Kuongeza muda kwa mtu asiye na kipato ni kumcheleweshea maumivu huku deni likikua.

Kwa wenye nyumba karibu na Gitega, hatua ya kwanza huwa kupangisha. Seneti na ofisi kadhaa za serikali ziko Gitega sasa, na watumishi wanahitaji pa kulala. Familia inahamia chumba cha uani au kwa wazazi kilimani, nyumba kubwa inapokea mpangaji, na kodi inakwenda moja kwa moja benki. Si jambo jepesi. Kijiji kitasema, na mama atapika nje msimu wa mvua. Lakini ni aibu ya miaka mitatu, na nyumba inabaki ya watoto. Kabla ya kumwingiza mpangaji mkataba wa mkopo usomwe, maana mingine hutaka benki ijulishwe.

Ikishindikana, mwenye nyumba auze mwenyewe. Hapa ndipo watu wengi wa kanda hii wanapoteza fedha nyingi kwa kiburi au kwa tumaini. Nyumba yetu ya mfano ina thamani ya milioni 20. Mwenyewe, akiwa na miezi minne ya kutafuta mnunuzi na ruhusa ya benki, anaweza kupata 17. Analipa deni la milioni 8 na laki 2, anabaki na karibu milioni 9, anajenga upya vyumba viwili kwenye kiwanja kidogo zaidi. Nyumba hiyo hiyo ikiuzwa mnadani mwaka mmoja baadaye kwa milioni 11, wakati deni na adhabu vimefika milioni 9 na gharama za mnada zimekula moja, atakabidhiwa milioni moja. Na ikiuzwa milioni 8, hakabidhiwi kitu na bado anadaiwa. Wengi hudhani nyumba ikienda, deni limekwenda nayo. Kwa kawaida sivyo. Hispania, baada ya mabenki yake kuyumba, watu waliotolewa kwenye nyumba waliendelea kudaiwa kilichopungua, hadi serikali mwaka 2012 ikaweka mwongozo uliowaruhusu maskini kabisa, kwa benki zilizoukubali, kukabidhi nyumba na deni likafutwa. Mteja wa Giheta anayekabidhi nyumba kwa hiari adai maneno hayo hayo kwenye karatasi: kwamba deni lote limekwisha. Kama hayapo, asitoe ufunguo.

Bei ya mnada huku vilimani ina kitu kingine kinachoivuta chini. Burundi haina sheria ya maandishi ya urithi wa ardhi. Ardhi ya ukoo, itongo, hugawanywa kwa mila, na mara nyingi mpaka kati ya ndugu ni mti au mfereji. Mtu aliyejenga kwenye sehemu yake ya itongo na kuiweka dhamana anaweza kuwa na karatasi safi, lakini siku ya mnada ndugu wanne wanasimama kusema baba hakugawa. Mnunuzi mwenye akili anarudi nyumbani na fedha zake, na anayebaki ni yule anayenunua kesi kwa bei ya kesi. Kwa hiyo sheria ya ardhi ya Agosti 2011, iliyoziwezesha komini kutoa vyeti vya ardhi, inamhusu hata mtu asiyetaka kukopa. Cheti kinachoonyesha mipaka na jina, kilichotolewa majirani wakiwepo, kinapandisha bei ya nyumba hata kwa yule anayelazimika kuiuza.

Majirani wana siku ngapi?

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Bidhaa na watu wanavuka mipaka kwa urahisi kuliko zamani, na mikopo pia, kwa kuwa mabenki ya Kenya na Tanzania yana matawi Bujumbura. Kinga ya mwenye nyumba haijavuka. Kila nchi ina hesabu yake ya siku, na inafaa kuzitazama.

Kenya ndiyo yenye ngazi nyingi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, mkopaji akikaa na deni mwezi mmoja, mkopeshaji anampa notisi ya miezi mitatu kurekebisha. Ikipita, anampa notisi nyingine ya siku 40 kwamba atauza. Kisha dalali anatoa siku zake 45 za kukomboa, na baada yake tangazo. Jumla inapita miezi sita, na katika muda wote huo, hadi nyundo igonge, mwenye nyumba anaweza kulipa na kuikomboa. Kenya ina kinga nyingine isiyojulikana sana: tangu 2007 riba ya mkopo uliokufa hairuhusiwi kuzidi deni la msingi lililokuwepo siku mkopo ulipokufa. Milioni moja haiwezi kuzaa riba ya milioni tano.

Uganda, kwa Sheria ya Rehani ya 2009, inatoa siku 45 za kazi za kurekebisha na siku 21 za kazi za notisi ya mauzo. Anayetaka mahakama isimamishe mnada anaweza kutakiwa kuweka asilimia 30 ya deni au ya thamani ya mauzo ya haraka, sharti lililowakwamisha wengi waliofika mahakamani na hoja nzuri lakini mikono mitupu. Tanzania ilipobadili sheria yake ya rehani mwaka 2008 iliweka siku 60 za notisi. Na Rwanda, jirani wa karibu zaidi, tangu 2009 mkopeshaji huomba kibali cha kuuza kwa Msajili Mkuu badala ya kufungua kesi, njia ya haraka ambayo wakopeshaji wanaipenda kuliko wakopaji.

Katika mambo mawili majirani wanakaribiana. Kenya na Tanzania zinamtaka muuzaji atafute bei nzuri inayowezekana, na nyumba ikiuzwa pungufu ya bei ya soko kwa robo au zaidi, mwenye nyumba ana msingi wa kulalamika. Na Kenya, Uganda na Tanzania zote haziruhusu nyumba ya familia iwekwe rehani bila ridhaa ya mke au mume. Akina mama wengi wameokoa nyumba kwa hoja hiyo peke yake: saini iliyo kwenye fomu haikuwa yao.

Mkopaji wa Giheta asibebe notisi ya Kenya akaenda kuionyesha kwa wakili wa Gitega. Siku zake ziko kwenye mkataba wake na kwenye sheria ya Burundi, na mkataba huo karibu kila mara uko kwa Kifaransa. Amtafute mtu wa kumsomea, mstari kwa mstari, sehemu zinazosema kuchelewa, adhabu, dhamana na mauzo. Mwalimu wa Kifaransa wa shule ya kata anaweza kuifanya kazi hiyo kwa jioni moja. Mtu anayeisoma wiki ya kusaini ana bahati. Anayeisoma siku ya barua ya kwanza bado ana muda.

Yale mambo ya saini ya mwenzi yana maana hata pale ambapo hakuna anayeyadai. Mume anayeficha barua chini ya sanduku anamnyima mkewe nafasi ya kusema jambo moja la manufaa: kwamba kuna ng'ombe anaweza kuuzwa, kwamba kikundi chake kinagawana Desemba, kwamba kaka yake ana chumba. Mara nyingi mpango unaookoa nyumba huanzia kwa yule ambaye hakuwa ameambiwa.

Jumatatu, basi, mwalimu na mkewe wanashuka Gitega pamoja. Ndani ya mfuko wa plastiki wamebeba mkataba wa mkopo, stakabadhi 24, karatasi ya mshahara ya miezi mitatu, daftari la duka lenye mauzo ya kila siku, cheti cha ardhi, barua waliyoiandika jana usiku na nakala yake, na zile faranga 150,000.